Sahani ya Karibu na Mlango

Kasenga, Uvira, 12 Februari 2024

Mdogo wangu Osée,

Yambo sana, weye na mke wako Keza na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo iko mzima kabisa: leo asubuhi amegombeza jirani, jogoo na redio. Ziwa limepanda tena, wenye nyumba za chini wanalala na wasiwasi. Ndakala, wale samaki wadogo, ziko nyingi, kwa hiyo tunakula.

Barua hii naiweka mikononi mwa Kizito, mtoto wa baba mdogo, maana boti anayotengeneza mashine yake inatoka Kalundu kesho kuja huko Kalemie. Sikupigii simu. Kwa simu, weye ukisikia jambo gumu unasema réseau ni mbaya, unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Sikia sasa. Jumapili Pasta Cyprien alinisimamisha mbele ya kanisa lote akasema ninalisha mizimu. Minye! Apolline anayefua vitambaa vya Meza ya Bwana! Akasema kila jioni naweka chakula karibu na mlango, kimefunikwa, kwa ajili ya baba yetu aliyekufa ziwani. Watu wakashika midomo. Wazee walikuwa wameshaamua: nimetengwa na Meza, nakaa benchi ya nyuma, mimi na watu wazima wote wa nyumba yangu, mpaka nisimame nitubu mbele ya watu.

Mtu mzima mwingine wa nyumba yangu ni nani? Ni Mama! Mama Élisabeth, aliyeimba katika kwaya ile tangu kanisa likiwa la nyasi!

Weye unaijua ile sahani. Mwaka ule wa kukimbia vita, tulipofika Runingu miguu imevimba, mwanamke mmoja ambaye hata jina lake hatukulijua alifunua sahani akaiweka mbele yako. Bugali na maharagi. Akasema hiyo huwa anamwekea yeyote atakayepita. Ulikula mpaka ukalamba vidole. Mama akalia, akasema leo Yesu ametupikia. Na tangu turudi nyumbani, kila jioni anapakua kwanza ya mpita njia, anaifunika, anaiweka kwenye kameza kadogo karibu na mlango, ndipo sisi tunakula. Wamekula motards wa pikipiki, wamekula wamama walioshuka milimani kuja hospitali, amekula yule mlevi aliyetuimbia asante hadi majirani wakakasirika. Kuna mmoja alikula akaenda na sahani. Mama alicheka sana, akasema Yesu wa leo amehama na vyombo. Baba yetu ameingilia wapi hapo?

Basi nakuomba jambo moja. Weye ni mwinjilisti, wazee wanakusikiliza. Mwandikie Pasta Cyprien, mistari miwili inatosha, umwambie sahani ile ni nini. Mama haogopi kufa. Anaogopa kufa chini ya adhabu, mwili wake ukatazwe kuingia kanisani na kwaya yake isimwimbie. Usichelewe.

Dada yako,
Apolline


Kalemie, 10 Machi 2024

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Amani ya Kristo iwe nanyi. Keza anawasalimu sana, anaendelea na ushonaji. Luc ameota meno mawili ya mbele, sasa anauma kila kitu, hata viatu vyangu. Mvua ni nyingi huku pia. Kuna jambo kubwa linanikaribia mwezi wa saba, sitalieleza sasa, ila uniombee.

Nimesoma barua yako kwa uchungu. Nakusihi usitafute ni nani aliyepeleka maneno haya kwa Mchungaji Cyprien. Mambo ya madhabahuni yana uzito wake, na mtumishi anaweza kusema neno kwa nia njema likapokelewa vingine. Yaache.

Ushauri wangu ni huu: simama, tubu, yaishe. Ni maneno tu, Dada. Mungu anaujua moyo wako. Na tuseme ukweli, kwa nini muendelee na desturi inayowakwaza watu? Uwepo wa Mungu tunautafuta katika kufunga na maombi, mahali pa utulivu, mbali na kelele za dunia. Hatuutafuti kwenye sufuria. Panda mlimani pamoja na wamama wa maombi, utaona moyo wako unavyotulia.

Mpe Mama pole zangu za magoti.

Ndugu yako,
Mwinjilisti Osée


Kasenga, 3 Aprili 2024

Osée,

Yambo. Mama anakusalimu, anauliza huyo Luc anauma viatu kwa sababu hamumpi chakula? Watoto wangu hawajambo. Vanessa ameingia kwaya, ile sauti ya juu aliichukua kwa Mama. Pasaka tumeipitisha, nitakuambia namna gani.

Nimesoma barua yako mara moja nikaiweka chini ya ndoo. Nikaitoa, nikaisoma tena, maana niliona kitu. Minye sikukuuliza ni nani aliyepeleka maneno. Soma tena barua yangu, kama bado iko. Hapo hapakuwa na swali hilo. Mbona unalijibu?

Haya, tuache. Tuje kwenye sufuria.

Unaniambia nipande mlimani nikatafute uwepo wa Mungu. Na nani atachota maji? Weye? Bomba letu likitoka tunapanga mabidoni ya maji tangu kuku hajaamka, tunagombana, tunatukanana, na kila mara kuna mwanamke mmoja anasema huyu mwenye mimba apite mbele. Mimi pale namsikia Mungu, Osée. Namsikia kwa sikio hili. Namsikia nikichagua mawe kwenye maharagi, nikimsugua Mama magoti na mafuta ya mawese, akinitukana kwamba mikono yangu ni ya mwashi. Mungu anapita hapa na njaa yake, na mimi nina sahani. Kama Yeye yuko mlimani peke yake, basi huku chini nimekuwa nikizungumza na nani miaka yote?

Pasaka nilikaa benchi ya nyuma. Mama hawakumtaja jina, wangeweza kumwacha akae mbele na wazee wenzake. Alikokota fimbo yake akaja kukaa pembeni yangu. Mkate ukapita, kikombe kikapita, vijana waliokuwa wanavigawa wakatuangalia kama mtu anavyoangalia ukuta. Mwanamke wa umri ule! Nilitaka kupiga kelele.

Na kuhusu kutubu, usidhani sikufikiri. Nilimwambia Mama: acha niseme, ni maneno tu kama Osée anavyosema, ili weye uzikwe vizuri. Alinishika mkono kwa nguvu. Akasema, "Ukisema sahani ile ilikuwa ya wafu, wale wote walioila umewaita wafu. Apolline, nililisha wazima. Usinizike na uongo."

Kwa hiyo sitatubu. Andika ile mistari miwili.

Apolline


Kalemie, 5 Mei 2024

Dada mpendwa,

Neema na amani. Tunasikia ziwa limewazidi huko Uvira, tunawaombea. Hata hapa bandarini maji yamefika barabarani. Nimempa Kizito kitenge cha Mama, kile cha rangi ya kijani anayoipenda, na sabuni.

Nina kazi nyingi mno kwa ajili ya lile jambo la mwezi wa saba. Nitaandika kwa kirefu baadaye. Tuvumiliane.

Osée


Kasenga, 26 Mei 2024

Osée,

Kitenge kimefika. Mama amejifunga hapo hapo, amezunguka nacho uwanjani kama bibi arusi, magoti na yote. Wiki hii ana homa na kikohozi, hali chakula vizuri. Maji yameingia nyumba zote za chini. Watu wanatoa magodoro kwa mtumbwi, pale ambapo zamani tulicheza mpira. Kwetu juu bado pakavu, namshukuru Mungu.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Jioni moja nimefunika sahani kama kawaida, nasikia hodi. Nafungua: Consolée, mke wa Pasta Cyprien, nguo zimelowa mpaka kiunoni, mtoto mgongoni, wengine wawili nyuma yake. Nyumba ya Pasta imejaa maji, yeye yuko bado anaokoa viti vya kanisa. Tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni.

Nakuambia kweli, nilitaka kufunga mlango. Nilisema moyoni, Bwana, hapana, huyu hapana! Lakini Mama kutoka kitandani akaita, "Ni mgeni? Mbona hakai?" Ndiyo Consolée akakaa kwenye kameza karibu na mlango, akafunua. Sombe ya majani ya muhogo na samaki mukeke. Nikawaongezea watoto kutoka sufuria yetu. Mke wa Pasta akala sahani ya mizimu, Osée, akaila yote, na katikati akainua macho akauliza kama kuna pilipili! Nikampa. Nikageuka ukutani nikacheka, halafu kicheko kikageuka machozi.

Alipomaliza hakuondoka. Akasema, "Dada Apolline, usimchukie Pasta. Hakutunga. Alisikia kwa ndugu yako." Mimi nikamwambia ndugu gani. Akasema pale semina ya mji wa Baraka, mwaka jana, Osée alitoa ushuhuda mbele ya wachungaji wote, kwamba ametoka katika nyumba iliyokuwa inapakulia baba yake marehemu kila jioni, na Bwana akamng'oa gizani. Watu wakalia, wakapiga makofi, wazee wa Kalemie wakamkumbatia. Pasta Cyprien alikuwa ameketi pale.

Gizani? Weye ulitoka gizani? Weye uliyenenepa kwa mkono wa Mama yetu! Uliona makofi yako ni matamu kuliko jina lake? Ungeweza kusema ulikuwa mwizi. Ungeweza kusema ulikuwa mlevi, ni weye mwenyewe ungejichafua. Ukamchukua Mama, ukamtwika shetani kichwani, ukashuka madhabahuni ukala kuku wa semina!

Nilimwendea Pasta. Alikuwa anaanika vitabu vya nyimbo kwenye jua, hakuweza kuniangalia. Akasema mke wake amemweleza, anaona mashaka, lakini ushuhuda ulitoka kinywani mwa mtoto wa nyumba, tena mtumishi, mbele ya wachungaji. Yeye peke yake hawezi kuufuta. Mwenye kuufuta ni weye.

Mama sijamwambia. Anadhani unachelewa kwa sababu ya boti.

Apolline


Kalemie, 16 Juni 2024

Dada,

Nawasalimu. Hatujambo sana. Luc anatembea.

Mama anajua?

Sikukusudia. Watu walikuwa wamechoka, wengine wanasinzia, nami nilikuwa natafuta mfano wa kuwaamsha. Nilianza na kifo cha Baba, kisha sahani ikaja yenyewe. Nilipoona wanalia sikuweza kurudi nyuma.

Tarehe 28 Julai wananiwekea mikono niwe mchungaji. Ule ushuhuda ndio walioukumbuka waliponichagua. Nikiandika sasa kwamba haukuwa kweli, unajua kitakachotokea. Nina familia. Nivumilie tu mpaka mwezi wa saba upite, halafu nitaandika kila kitu, nakuahidi mbele za Mungu.

Mwambie Mama ajikaze.

Osée


Kasenga, 14 Julai 2024

Osée,

Mwezi wa saba haujapita. Mama amepita.

Nilikupigia, mara hii hukusema réseau ni mbaya. Ulisema utakuja. Tulingoja boti, hukuwemo. Kizito alishuka peke yake na kofia mkononi. Nakuandikia sasa kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Alikufa mchana, nikiwa namlisha uji. Alisukuma kijiko, akauliza kama sahani ya jioni nimeifikiria, maana jana yake ilikuwa na chumvi nyingi. Nikasema ndiyo Mama. Akafumba macho. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, yaweke mahali unapoweka mahubiri yako.

Wazee wa kanisa walikataza mwili usiingie kanisani. Tuliweka jeneza uwanjani kwetu. Kwaya ilikatazwa kuja na sare, basi Vanessa na wenzake wachache wakaja na nguo za kawaida, wakasimama nyuma ya jiko, wakaimba kwa sauti ndogo kama watu wanaoiba. Kwa Mama! Kwa mwanamke aliyewafundisha wengine wao kufungua kinywa!

Watu walikuja, tena wengi, sijui hata walisikia wapi. Wabebaji walikuwa motards. Mmoja wao, Dieudonné, sikumkumbuka kabisa. Akaniambia alikula kwetu siku moja mnyororo wa pikipiki yake ulipokatika, akanionyesha hata upande wa kameza aliokaa. Na kuna mwanamke alitoka Runingu na fungu la muhogo kichwani. Nilimuuliza kama ni yule wetu wa zamani. Akasema hapana, yeye alikula kwetu tu, siku mtoto wake alipolazwa.

Pasta Cyprien alisimama ng'ambo ya barabara na mke wake. Hakuvuka. Consolée ndiye alivuka.

Nenda uwekewe mikono. Usiniandikie tena kuhusu uwepo wa Mungu.

Apolline


Kalemie, 18 Agosti 2024

Dada Apolline,

Sina salamu nzuri za kuanza nazo. Keza na watoto wazima.

Siku ile ya boti nilifika bandarini na begi. Nilimwona Kizito kabla hajaniona, nikarudi nyumbani. Sikuweza kufika mbele ya Mama na kinywa hiki.

Sikuwekewa mikono. Barua yako ilinifikia kabla ya siku ile. Niliwaita wazee nikawaambia ushuhuda wa Baraka ulikuwa uongo, na sahani ilikuwa ya nani. Mmoja wao alitoka nje. Wamenisimamisha kuhubiri, sijui kwa muda gani. Sasa nafanya kazi bandarini, napakia mihogo. Kwa Mchungaji Cyprien nimeandika, mistari ikawa zaidi ya miwili.

Jana mchana nilikaa juu ya gunia bila chakula, mpakiaji mwenzangu akakata bugali yake katikati akanipa nusu bila kuniangalia. Nilimwona yule mama wa Runingu. Nilikuwa nimesahau uso wake miaka yote hii, na nimehubiri mara ngapi.

Nataka kuja kwenye kaburi. Sijui kama nina mlango huko.

Osée


Kasenga, 8 Septemba 2024

Osée,

Yambo. Watoto hawajambo, Vanessa amefaulu. Ziwa linarudi nyuma kidogo kidogo, limeacha tope na harufu mbaya. Ninaumwa mgongo, ni wa kuinama na kutoa tope kwa jirani.

Pasta Cyprien alisoma barua yako mbele ya kanisa, alisoma yote, hakuruka. Halafu akaniita nirudi kwenye kiti changu cha mbele. Nilikataa. Nilisimama pale pale nyuma nikasema, mimi mnaniita, na Mama mtamwita namna gani? Mtamtoa udongoni mumpitishe kanisani? Jumamosi iliyofuata alikuja kaburini, na wazee, na kwaya na sare zao zote. Alipiga magoti kwenye tope akasema waliyopaswa kusema mwezi wa saba. Wakaimba kwa sauti kubwa mpaka wavuvi wakasimama ufukweni. Walichelewa. Waliimba vizuri lakini, siwezi kudanganya, na Jumapili nilirudi Mezani.

Sasa weye.

Bado nimekukasirikia. Usije ukifikiri nimepoa. Nikikumbuka Mama anauliza habari za boti, naacha ninachofanya, naenda nje. Umesema kweli, vizuri, lakini umeisema wakati masikio yaliyoingoja yamezikwa. Kukusamehe nitaomba nguvu, bado sijazipata, na sitajifanya ninazo ili tu uje na moyo mwepesi.

Unauliza kama una mlango. Kama ingekuwa chakula changu ningekunyima, nakuambia wazi. Lakini ile sahani haijawahi kuwa yangu. Haikuwa hata ya Mama. Mke wa Pasta alikula, yule mwizi wa sahani alikula, na mimi sina ruhusa ya kuuliza mtu anatoka kufanya nini kabla hajafunua. Hilo linaniudhi sana, lakini ndivyo lilivyo.

Basi njoo na boti ya Kizito. Hutalala chumba chako cha zamani, kuna watu waliofukuzwa na maji humo. Hutakaa mezani na sisi siku ya kwanza. Utakaa kwenye kameza karibu na mlango, pale wageni wanakaa, na sahani utaikuta imefunikwa. Mimi nitakuwa jikoni.

Pilipili iko huku kwangu. Ukiitaka, utaniomba.

Apolline